Mkono wa Chuma kwenye Besi ya Mjomba

4 Machi

Mpwa wangu Spana,

Shikamoo yako nimeiitikia kabla hujaitoa: marahaba, marahaba. Hatujambo hapa. Kinyozi mimi bado nanyoa, na wanaoogopa wembe ulioshikwa kwa mkono wa kushoto bado wanaogopa. Juzi mteja mpya alikaa vizuri kabisa kwenye kiti, akanitazama kwenye kioo, akakumbuka ghafla kwamba ameacha mlango wa kwake wazi. Mwambie mama yako kwamba mdogo wake yu mzima, na kwamba sweta aliyonifumia inanibana kwapani. Bendi ipo, tumebaki wanne. Mpiga ngoma amepata miwani, sasa anaona jinsi alivyozeeka na hana raha. Mkaza mjomba wako, Bibie, yuko salama. Anakula, anatembea mpaka dirishani na kurudi.

Sasa kilichoniketisha. Nataka unifungie daraja la kutetemesha, kile kipande kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa, kwenye gitaa langu la besi. Unalijua: lile la gitaa la solo, lenye mkono wa chuma. Unausukuma mkono, daraja linainama, nyuzi zinalegea, sauti inashuka. Unauachia, springi zinalivuta daraja nyuma na sauti inarudi ilipokuwa. Kwenye solo yapo tele. Kwenye besi sijaona hata moja, na fundi wa magitaa niliyemuuliza alinitazama kama mtu niliyemwomba aifungie kabati mabawa.

Wewe ni fundi wa pikipiki, najua. Lakini chuma unakijua, na mbao nilikufundisha mwenyewe ile miaka mitatu uliyokaa kwetu. Besi nitaipakia kwenye gari la mizigo. Ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba vijana wa siku hizi wanapenda muziki unaoyumba, na sisi wazee lazima twende na wakati.

Usinipigie simu kuhusu jambo hili hata kidogo. Niandikie, na utume dukani, si nyumbani. Nyumba yetu ni ndogo na masikio ya Bibie ni mazima.

Mjomba wako,
Mashoto


17 Machi

Shikamoo Mjomba Mashoto,

Mama anakusalimu. Goti lake linauma linapotaka, na likiona kuna nguo za kufua linauma zaidi. Anasema sweta haina kosa, wewe ndiye umenenepa. Mimi nipo gereji, mafuta mpaka kwenye nyusi. Wiki hii nimefungua injini tatu na kuzifunga bila kubakiwa na skurubu hata moja mkononi. Bosi hakuamini, alikagua sakafu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikaanza kupiga hesabu za kifundi, kicheko kikaisha. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinavuta kwa pamoja uzito wa mtu mzima. Springi za solo zitachanuka siku ya kwanza. Halafu kuna mbao yenyewe. Ile besi uliichonga kwa mikono yako kutoka kwenye mlango wa zamani, umbo la yai, na haina pacha. Kulitia daraja la namna hiyo lazima nichimbe shimo la kutoka mbele hadi nyuma. Nikishachimba nimechimba, Mjomba.

Na ni nani aliyekuwa akinigombeza kila nilipopiga kwa mbwembwe? Ulikuwa unasema besi ni nguzo, nguzo ikicheza watu wanakimbia nyumba. Leo nguzo imetaka kuyumba kwa ajili ya vijana! Mjomba, wewe vijana huwapendi. Unawanyoa tu.

Halafu jingine. Umeniandikia kurasa mbili. Miwani ya mpiga ngoma imo. Sweta imo. Bibie kapewa mistari miwili, kama vile ni jirani. Tangu wamtoe kisanduku cha sauti pale kooni ni miezi minane, na katika barua zako zote hujaandika neno "koo" hata mara moja. Yukoje hasa? Niambie ukweli wa besi na ukweli wa Bibie, la sivyo patasi yangu haitoki kwenye droo.

Mpwa wako,
Spana


29 Machi

Mpwa wangu mkaidi,

Marahaba. Mwambie mama yako sijanenepa, ni mifupa imepanuka. Mvua imeanza, dari la duka linavuja palepale pa mwaka jana, nimeweka ndoo na wateja wameizoea.

Haya, umenibana, nasema.

Bibie yuko kimya. Najua unajua kwamba hawezi kusema, lakini huo si ukimya ninaousema. Anapumua kwa tundu dogo shingoni, analifunika kwa kitambaa, na kitambaa kila siku kimepigwa pasi. Anachotaka kusema anaandika kwenye daftari. Ndiyo, anagonga meza mara moja. Hapana, mara mbili. Siku hizi nasikia mbilimbili tu. Watu wakija kumwona anaingia chumbani. Bendi ikifanya mazoezi uani anafunga dirisha. Unakumbuka alivyokuwa akiosha vyombo? Miaka ishirini na sita nimeishi na mwanamke asiyeweza kusuuza kikombe bila kuimba. Sasa navisikia vikombe.

Na unakumbuka miisho yake. Watu hawakuwa wanakuja kwa ajili yetu wapigaji, tusidanganyane. Walikuja kusubiri pale anapomaliza mstari: sauti inashuka chini ya noti, inatetemeka hukohuko chini, halafu inapanda taratibu na kutua. Ukumbi mzima ulikuwa unashusha pumzi pamoja naye. Nimejaribu kuutoa mwisho ule kwa vidole kwenye besi, jioni baada ya jioni hapa dukani. Haiwezekani. Kidole kikiusukuma uzi, sauti inapanda tu. Haishuki hata ufanyeje. Yeye alikuwa anashuka. Ndiyo maana nataka daraja. Vijana nimewasingizia.

Nataka ausikie mwisho wake, hata mara moja, ndani ya nyumba yake. Basi, ni hilo. Mpiga ngoma anasema nitamtonesha kidonda. Huenda. Nikiona uso wake umeharibika, besi itaingia chini ya kitanda na sitaipiga tena, na bendi itatafuta mtu mwingine. Lakini nikikaa bila kujaribu, nampoteza mke ambaye yu hai na tunakunywa chai meza moja. Ninaogopa, Spana. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

Nawe, kwa kuwa tumeanza kuulizana: kutoka huko mpaka hapa ni safari ya siku moja. Miezi minane hujaja. Sikulaumu, nauliza tu.

Besi imeondoka jana, imefungwa kwenye blanketi la kijani. Blanketi lirudi.

Mashoto


20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Besi imefika salama na blanketi lake. Mama yuko vizuri, goti limepumzika kwa kuwa nguo nafua mimi. Anasema mifupa haipanuki.

Juu ya barua yako, hili tu: patasi imetoka kwenye droo.

Sikiliza kazi ilivyokwenda. Springi za solo zilichanuka, kama nilivyosema, zikabaki kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Nikajaribu za breki, zikawa na kiburi, daraja halikusogea hata nilipoliegemea. Kisha nikazikumbuka springi za stendi ya pikipiki, zile zinazoivuta stendi juu ukishapanda. Nimefunga mbili, bega kwa bega, mgongoni mwa besi ndani ya shimo. Zinavutana na nyuzi sawa kwa sawa, hakuna anayeshinda. Bati la daraja nimelikata mwenyewe na ukingo wake wa mbele nimeunoa hadi ukawa kama kisu, kwa sababu daraja zima linasimama pale, linainama na kurudi. Ukingo ukiwa butu, sauti ikishuka hairudi ilipotoka, inakuachia noti mbovu.

Umbo la bati na mahali pa mkono wa chuma nimevinakili kwa karatasi kutoka gitaa la solo la jirani. Hapo palinipa shida kidogo. Nilikuwa nimeng'oa nyuzi zote, na hata ule mfupa wa shingoni wenye vijia vya nyuzi nimeubandua niusafishe. Besi yako ikiwa uchi haina kulia wala kushoto. Ni yai tu, kitufe cha sauti katikati, vigingi vya kukazia nyuzi viwili huku na viwili huku. Basi nikafumba macho, nikakumbuka tulivyokuwa tunakaa jikoni kwenu, wewe kiti kile, mimi kiti hiki, uso kwa uso, shingo za magitaa yetu zote mbili zikitazama dirishani. Nikapiga alama yangu ya kalamu hapohapo.

Siku ya kuchimba nilisimama na patasi mkononi mpaka chai ikapoa. Ilipoingia kwenye mbao mara ya kwanza machozi yalinitoka. Fundi mwenzangu aliuliza, nikamwambia ni vumbi.

Naomba kipimo. Sauti ya Bibie ilikuwa inashuka kiasi gani pale mwishoni? Lazima nijue ili nipange urefu wa safari ya mkono. Nilijaribu kuuimba mwenyewe gerejini, mteja akakimbilia kuniuliza kama nimejibana kidole.

Uliloniuliza mwishoni nimelisoma. Kazi ni nyingi hapa.

Spana


6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu kwa dada yangu na goti lake. Ndoo ya dukani imejaa mara mbili wiki hii.

Kipimo: alikuwa anashuka sana. Noti nzima, labda na nusu. Mimi ninavyoukumbuka ulikuwa mrefu, unashuka unashuka, unadhani hatarudi. Panga hivyo.

Bibie ameuona ukuta ulio wazi pale besi inapoegemezwa. Akaandika, "Iko wapi?" Nikamwambia imekwenda kufungwa waya. Akaandika neno moja, "Mwongo," akalipigia mstari chini. Nilifurahi mpaka nikatoka nje. Kwa wiki kadhaa daftari lile lilikuwa na "chai" na "dawa" na "hapana" tu. Ule ukurasa nimeuchana, nimeuweka kwenye kisanduku cha nyembe.

Kazi nyingi, umesema. Haya.

Mashoto


15 Juni

Shikamoo Mjomba,

Imekwisha! Nisamehe ukimya wa wiki zote hizi. Bati la kwanza lilipasuka, nikatengeneza la pili, na vanishi ilikataa kukauka kwa unyevu. Mama aliigeuza besi sebuleni kwetu kila asubuhi kama anaanika mtoto.

Juzi nikaifunga nyuzi nikaijaribu. Mjomba, we acha! Nimekaa nayo, mkono wa chuma ukaja wenyewe kiganjani kama vile ulizaliwa pale. Nikapiga uzi mnene, nikausukuma mkono, sauti ikashuka noti na nusu, ikatetemeka, nikaiachia ikarudi palepale, haikupotea hata unywele. Bosi akasema rudia. Sijawahi kutengeneza kitu nikakipenda namna hii, na nimetengeneza vitu vingi.

Nimezitoa nyuzi kwa ajili ya safari. Utazifunga mwenyewe besi ikishafika. Juu ya sanduku nimeandika kwa rangi, MJOMBA MASHOTO, herufi kubwa, asije akatokea mjomba mwingine akaichukua. Blanketi limo.

Ukishampigia, niandikie siku hiyohiyo. Usile kwanza.

Spana


27 Juni

Mpwa wangu Spana,

Marahaba. Natumaini nyote ni wazima. Sanduku limefika. Blanketi limefika. Vanishi ni safi kabisa, inang'aa, ninajiona. Skurubu zote zimekaza. Umefanya kazi ya kifundi na mama yako ashukuriwe kwa kuigeuza.

Mvua imekatika huku. Ndoo nimeiondoa.

Asante sana.

Mashoto


5 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, goti zima, kila kitu kizima isipokuwa mimi.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nikasema, mbona kanisifia vanishi? Mtu aliyepewa kitu kinachofanya kazi hasifu vanishi. Na blanketi ulilitaja kabla ya daraja! Nikaiweka barua mezani nikaizunguka siku mbili nzima. Umempigia Bibie akakasirika? Springi zimekatika? Nikatoa ile karatasi ya umbo kuitazama upya, nikakaa na gitaa langu mapajani, nikafumba macho tena, wewe kiti kile, mimi kiti hiki, shingo zote dirishani.

Kisha nikafumbua macho. Nilikuwa nakutazama kwa mbele, Mjomba! Shingo zetu zilielekea upande mmoja kwa sababu wewe ni wa kushoto na mimi ni wa kulia na tulikaa uso kwa uso, kama mtu na kioo, nami nikapiga alama kana kwamba unaishika kama mimi. Nilipoijaribu gerejini nilizifunga nyuzi kwa mpangilio wa mtu wa kulia kama mimi, na ndiyo maana mkono wa chuma ulinijia kiganjani. Kwako umetokea juu, upande wa uzi mnene, chini ya kiwiko. Huwezi kuufikia na kupiga kwa wakati mmoja. Miaka yote nakuita Mashoto. Nikaandika MASHOTO kwenye sanduku kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara. Halafu nikaifungia besi mkono wa kulia. Nimejipiga kofi la paji mbele ya bosi.

Nawe ukanisifia vanishi. Mjomba, ungenitukana ningelala vizuri zaidi.

Irudishe. Nitakata bati jingine, na ule mfereji niliochimbia mkono nitauziba kwa mbao ya mlango uleule, kipande nilikitunza.

Sasa nikujibu lile ulilouliza Machi, maana sina tena uso wa kujifichia. Siku moja kabla ya Bibie kuingia hospitali, alinipigia simu. Nilikuwa chini ya pikipiki, mikono imejaa mafuta. Akasema, "Spana mwanangu, una dakika?" Nikamwambia, "Bibie, nitakupigia baadaye." Nikasahau. Mjomba, nilisahau! Nilikumbuka asubuhi, na asubuhi alikuwa amekwishaingia chumba cha upasuaji. Sauti yake ya mwisho kwangu iliuliza kama nina dakika, na mimi nikasema sina. Siwezi kuja kusimama mbele yake. Akinitazama nitasema nini? Nilidhani daraja hili litasema kwa niaba yangu, na hata hilo nimelifunga upande usio wake.

Nisamehe. Umwombee samahani na yeye, kama utaona inafaa kumwambia.

Spana


28 Julai

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Kaa kwanza. Umekaa? Bati jipya usikate. Kile kipande cha mlango kiache hukohuko kwenye droo. Besi hairudi.

Ni kweli nilikuficha. Nilipoifunga nyuzi na kuipakata, ule mkono ukanichoma kiwiko, nikaelewa kila kitu. Sikuwa na moyo wa kukuandikia. Nikasema mwenyewe nitatafuta namna. Nilijaribu kuusukuma kwa kiwiko, sauti ikaanguka kama gunia kwenye ngazi. Nilijaribu kwa kidevu. Mtu wa umri wangu, nimeinama juu ya besi, kidevu kwenye chuma, ulimi nje kwa kujitahidi. Wiki tatu nimefanya upuuzi ule dukani, milango imefungwa, wateja wanagonga.

Jumapili iliyopita, mchana, nilijua Bibie amelala. Nikaketi jikoni nijaribu kwa kidevu mara moja tu. Nikapiga mstari wa mwisho wa ule wimbo wake wa kufungia, nikainama, nikasukuma, nikajigonga jino. Nilipoinua kichwa Bibie alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, mabega yanatikisika.

Nikajua nimemuua. Niliiweka besi chini, nikasema nisamehe mke wangu, sitarudia, naipeleka chini ya kitanda. Akagonga mlango mara mbili. Hapana. Nikamtazama vizuri. Alikuwa anacheka, Spana! Hana sauti ya kuchekea, kwa hiyo kicheko chote kimehamia mabegani. Mwaka mzima sijakiona. Alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango.

Halafu akavuta kigoda, akakaa kushoto kwangu. Akautazama ule mkono wa chuma, akaniangalia mimi, akaukamata. Mahali ulipoufunga wewe, mtu aliyekaa kushoto kwangu anaufikia bila hata kunyoosha bega. Akanionyesha kwa kichwa: piga.

Nikapiga. Alichelewa. Nikapiga tena, akausukuma nikiwa bado katikati ya mstari. Mara ya tatu nikafika mwisho wa mstari na mkono wake ukafika pamoja nami. Sauti ikashuka, lakini kidogo tu. Nikamwambia, shusha zaidi, ilikuwa inakwenda mbali. Akagonga mbao mara mbili. Akachukua daftari akaandika, "Wewe na nani mliamua nilikuwa nashuka hivyo? Nilikuwa nashuka hivi." Akausukuma mkono, unene wa ukucha, si zaidi. Na ilikuwa yenyewe, mpwa wangu. Ilikuwa yenyewe kabisa. Mimi na wewe tulikuwa tunaukumbuka mkubwa kwa sababu tuliupenda, kumbe ulikuwa mdogo hivyo. Nililia. Alinifuta uso kwa kile kitambaa cha vyombo, kilikuwa na majimaji ya sabuni, macho yakanichonyota nikalia zaidi, naye akaanza tena kutikisika mabega.

Ningekuwa na daraja la upande wangu, ningempigia peke yangu yeye akiwa amekaa kule mezani. Angesikiliza, labda angeshukuru, labda angeingia chumbani. Sasa siwezi kuumaliza wimbo bila yeye, na yeye anajua siwezi. Akichelewa kuosha vyombo nasubiri, besi mapajani.

Juzi bendi ilikuja uani. Dirisha lilikuwa wazi tangu asubuhi. Tulipoanza alitoka na kigoda chake, kitambaa shingoni kimepigwa pasi, akakaa kushoto kwangu mbele ya watu wote. Mpiga ngoma alivua miwani akaifuta mara tatu na haikuwa na kitu.

Barua yako nimempa aisome. Sikuona sababu ya kumficha tena jambo lolote. Aliisoma mpaka mwisho, akaurudia ule ukurasa wa simu, kisha akaomba karatasi nzuri, si ya daftari. Ninakutumia alivyoandika, sijaongeza neno.

Mjomba wako,
Mashoto


Spana mwanangu,

Siku ile sikupiga kukuaga. Nilitaka kukuimbia mstari mmoja, ule uliokuwa unaniomba ukiwa unapaka siagi kwenye mkate. Ulikuwa chini ya pikipiki. Nilisikia spana ikianguka na wewe ukilaani, nikacheka mpaka nikamaliza dakika zangu za simu. Nilikwenda hospitali nikiwa nacheka, na hilo hukulijua kwa sababu hukuja.

Njoo Jumamosi. Utakaa kiti chako, mbele yetu, na mstari wako utaupata, mimi na mjomba wako tutaupiga pamoja.

Na lete springi nyingine. Hizi za pikipiki ni ngumu, bega linaniuma.

Bibie